Mistari Mitatu

Ubao wangu una mistari mitatu,
herufi kumi na mbili kila mstari, basi.
Mshairi gani angekubali?
Mimi nimekubali mwaka wa tisa huu,
zamu ya usiku, chumba kisicho na dirisha,
skrini arobaini zikinikodolea macho kama mawifi.

Kule juu barabara ya Ankara
inaukwea Mlima Bolu, na ukungu wa huko
haubishi hodi. Unaingia na viatu.
Kihisi kwenye nguzo huionja hewa
kisha huniletea namba:
mita mia nne. Mia mbili na tisini. Tisini.
Namba ikishuka, nami nashuka nayo,
mia na ishirini naifanya themanini,
themanini naifanya hamsini,
na kwenye kioo taa za breki zinawaka,
moja, kisha kumi, kisha mkufu mzima
wa watu waliomtii mtu wasiyemjua.

Mwanzoni niliandika kama ofisi inavyoandika.
MADEREVA WOTE MNAOMBWA KUZINGATIA,
na ubao ukayakata maneno mikia.
Tuncay, aliyenitangulia kazini, akanimiminia chai:
"Müzeyyen, dereva ana sekunde tatu.
Usimweleze. Mshike bega."
Nikajifunza kukata.
Nikaanza na vivumishi, nikamalizia na adabu.

UKUNGU
PUNGUZA
SASA

Februari, saa tisa kasoro dakika kumi za usiku,
handaki likapiga kengele.
Kompyuta hukitambua kilichosimama
pasipopaswa kusimama kitu;
ikachora mraba wa manjano, ndani yake lori,
na nyuma ya lori, njia yote ya kulia,
machungwa.
Machungwa yakibingirika chini ya taa
kama watoto waliofunguliwa shule.
Kisha mtu, koti la kijivu, akashuka
akaanza kuyaokota.
Kuyaokota! Moja moja,
akilifuta kila moja kwa kiganja.

Nikawasha msalaba mwekundu juu ya njia ya kulia.
Nikaandika thelathini. Nikashika kipaza sauti:
"Bwana wa machungwa, panda ukutani!"
Sauti yangu ikagonga zege, ikamrudia
kutoka pande zote, naye akatazama juu
kama aliyeitwa na marehemu mama yake,
akainama tena.

Huku nje ya handaki, nukta zote zilipungua
isipokuwa moja. Basi la usiku.
Mia na nane. Mia na saba.
Mashine inaona, lakini haina mkono,
nami nilio nao haufiki.
Orodha ya maneno yaliyoidhinishwa
ina sentensi sitini na mbili, nazijua kwa moyo,
hakuna hata moja yenye mtu ndani.
Nikaandika yangu.

MTU YUKO
NJIANI
MBELE YAKO

Mia na sita.
Tisini na moja.
Sitini.
Likahamia kushoto polepole, kama mtu
anayepita karibu na kitanda cha mgonjwa.
Lilipasua chungwa moja. Nililiona.

Tuncay hakusema kitu. Baadaye akasema:
"Maneno yale hayamo kwenye orodha."
Baadaye zaidi akaniletea chai, sukari vipande vitatu,
ingawa anajua natumia kimoja.

Asubuhi barua pepe ya abiria ilinisubiri:
basi limechelewa Istanbul dakika kumi na moja,
barabara ilikuwa nyeupe kabisa,
nani anayecheza na vibao hivi?
Alilala safari nzima, nadhani,
shavu kwenye kioo.
Sikumjibu. Ningemjibu nini?
Fomu yetu ina safu ya waliokufa, safu ya majeruhi,
haina safu ya abiria aliyeamka
akakasirika.

Nilijaza nilichoweza kujaza.
Dereva: Satılmış Göçer, miaka hamsini na minane.
Shehena: machungwa ya Mersin.
Waliokufa: sifuri. Majeruhi: sifuri.
Hasara:
hapo kalamu ilisita kidogo,
kisha nikaandika, kilo kumi na nne.